KOCHA MPYA NA KAZI YA WATU KUMI

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

UTANGULIZI

Katika kurasa za jarida letu umezoea kukuta mashairi, vitendawili na insha za methali. Mimi leo nimekuja na mpira. Tafadhali usigeuze ukurasa! Mlezi wa chama chetu cha Kiswahili aliponiuliza nitaandika nini, nilimjibu kwamba nataka kuandika kuhusu kocha mpya. Akanitazama juu ya miwani yake, akasema, "Sawa, mradi iwe somo, isiwe ushabiki." Basi hili ni somo. Nimeligawa katika sehemu sita, na mwishoni nimetunga maswali, kama ilivyo ada ya masomo yote.

Swali langu ni hili: timu ikipata kocha mpya, ni kitu gani hasa kinachobadilika? Wachezaji ni wale wale. Uwanja ni ule ule. Hata jezi ni zile zile zilizopauka. Mbona basi wakati mwingine timu hugeuka, na wakati mwingine haigeuki? Nilipata jibu mwaka wa 2025, nusu yake kwenye kiwanja chetu cha vumbi hapa Thika na nusu nyingine Kasarani. Na sikulipata kwa werevu wangu. Nililipata kwa sababu nilifanya kosa la aibu.

1. MSIMU WETU NA KADI YANGU

Shule yetu ni ya kutwa. Wengine wetu tunatoka Makongeni, karibu tu, wengine Juja, na wengine, kama mimi, tunatoka Ruiru. Kila jioni ni lazima tuwahi matatu kabla nauli haijapanda. Kwa sababu hiyo, timu yetu ya kandanda ilikuwa na desturi moja mbaya: mazoezi yalifanywa na yeyote aliyebaki. Leo watu saba, kesho kumi na tano, keshokutwa watatu na mbwa wa bawabu.

Muhula wa pili ulipoanza tulipata mwalimu mpya wa michezo. Ni mwalimu wa Hesabu, mwembamba, haongei sana. Sisi tulitarajia atakuja na firimbi na makelele. Yeye alikuja na karatasi. Akatuambia kila mmoja aandike anakaa wapi, anafikaje nyumbani, na saa ngapi mama yake huanza kuwa na wasiwasi. Tulicheka sana. Baada ya siku mbili akatangaza kwamba mazoezi yatakuwa dakika arobaini tu, mara tatu kwa wiki, mara tu baada ya kengele ya mwisho. "Siwezi kufundisha watu ambao wako kwenye matatu," akasema. "Kocha hucheza na waliopo. Kazi yangu ya kwanza ni kuhakikisha mpo."

Mimi nilikuwa winga wa kushoto, na bila kujisifu, nilikuwa na mbio. Katika mechi yetu ya kwanza ya mashindano ya kaunti ndogo nilipokonywa mpira mara mbili na beki mmoja aliyekuwa akinicheka. Mara ya tatu hasira zilinipanda. Nikamkwatua kwa nyuma, tena mpira ukiwa mbali. Refa hakufikiri mara mbili. Akachomoa kadi nyekundu. Ilikuwa dakika ya ishirini na nane, na sisi hatukuwa tumefungwa hata bao moja. Mechi ilikwisha mabao manne kwa nunge. Nilikaa chini ya mti nikiyahesabu moja baada ya jingine.

Nilipofika nyumbani Ruiru mama alikuwa akichambua sukuma wiki za kuuza asubuhi. Alikuwa ameshapata habari kutoka kwa jirani ambaye mwanawe yuko timu moja na mimi. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Baba, na wale wengine walifanya nini ulipotoka?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejifikiria mimi peke yangu njia nzima kutoka Thika.

2. HESABU YA UWANJA

Kesho yake nilimwendea mwalimu kuomba msamaha. Nilidhani atanifukuza timu. Akanipa daftari la kurasa tisini na sita na kalamu. Akaniambia, "Umetuacha kumi. Sasa kaa hapa kando uandike kumi wanavyofanya kazi ya kumi na mmoja."

Akanieleza kwamba huko Marekani kuna mchezo unaoitwa besiboli, unaofanana kidogo na ule wa raunda ambao dada zetu walicheza shule ya msingi. Katika mchezo huo kila mpira unaorushwa huandikwa: nani alirusha, nani alipiga, nani alikimbia akafika wapi. Mwandishi mmoja wa magazeti, Henry Chadwick, ndiye aliyetengeneza jedwali la matokeo ya mchezo huo mwaka wa 1859, na timu za vyuo vikuu huko huweka rekodi za namna hiyo msimu mzima. Hata hapa jirani, Uganda, mchezo huo upo. Mwaka wa 2012 watoto wa Lugazi waliiwakilisha Afrika katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya Afrika kucheza huko. "Mchezo usioandikwa," mwalimu akasema, "kila mtu huukumbuka kwa namna inayomfurahisha yeye."

Basi nikawa karani wa timu. Na hesabu ya kwanza aliyonipa ilikuwa hii, nawe unaweza kuifanya pamoja nami. Uwanja wa mechi za kimataifa kwa kawaida ni mita 105 kwa mita 68, yaani mita 7,140 za mraba. Mtoe kipa, ambaye hukaa langoni. Wamebaki kumi. Kila mmoja ana mita 714 za mraba za kulinda. Akitolewa mmoja kwa kadi nyekundu wamebaki tisa, na kila mmoja sasa ana mita 793. Zimeongezeka takriban mita 79 kwa kila mchezaji. Pima darasa letu: halifiki mita 60. Kwa maneno mengine, siku ile nilipomkwatua yule kijana niliwabebesha wenzangu tisa, kila mmoja, zaidi ya darasa zima, tena wakiwa mbioni, tena juani. Hilo ndilo jibu la swali la mama.

Kuanzia wiki ile, kila Jumatano, mwalimu alitoa mchezaji mmoja nje na kuwafanya kumi wacheze na kumi na mmoja. Kila mara alitoa mtu tofauti. Wachezaji walinung'unika. "Kocha gani huyu? Anatuadhibu kwa makosa ya mtu mmoja!" Nami nilisikia, kwa maana yule mtu mmoja alikuwa ameketi pale na daftari. Lakini niliandika. Na ukurasa kwa ukurasa nilianza kuona kitu.

Kumi wakicheza kama kumi na mmoja, wanakimbia kila mahali na kufungwa. Kumi wakikubali kwamba hawawezi kulinda uwanja wote, wanachagua. Walinzi wanne nyuma, viungo wanne mbele yao, mmoja peke yake mbele kabisa. Mistari hiyo miwili hukaribiana, hata ukipiga mpira katikati unagonga mguu wa mtu. Pembeni wanamwachia adui, kwa sababu mpira ulio pembeni bado haujawa goli. Kila mmoja lazima ajue nani yuko kulia kwake na nani yuko kushoto, bila kugeuka kutazama. Hiyo ndiyo kazi ya kocha. Hawezi kukimbia badala yako, bali anaweza kukufundisha mahali pa kusimama mpaka uweze kusimama hapo gizani.

Mechi ya pili tulishinda mawili kwa moja. Mechi ya tatu tulikutana na shule moja ya bweni yenye wachezaji wakubwa kama maaskari. Tulihitaji sare tu ili tufuzu. Dakika ya hamsini beki wetu wa kulia akapata kadi ya manjano ya pili. Nje! Niliona wenzangu wakitazamana, halafu, bila mtu kupiga kelele, wakajipanga. Nne, nne, moja. Jumatano tatu zilitoka kwenye daftari langu zikaingia uwanjani. Mechi ikaisha sare tasa, na mashabiki wetu wakaingia uwanjani kana kwamba tumetwaa kombe la dunia.

Katika nusu fainali tulishindwa mawili kwa moja. Adhabu yangu ilikuwa imekwisha, na mwalimu aliniingiza dakika ishirini za mwisho. Sikufunga. Sikukwatua mtu pia. Tukarudi nyumbani.

3. KOCHA MPYA WA TAIFA

Sasa tutoke kiwanjani kwetu. Wakati sisi tunahangaika na mwalimu wetu, nchi nzima ilikuwa inahangaika na kocha wake mpya. Mturuki Engin Firat alikuwa amejiuzulu Desemba 2024. Mwezi wa Machi 2025 Harambee Stars ikapewa Benni McCarthy, mzaliwa wa Cape Town, Afrika Kusini. Huyu alikuwa mshambuliaji hodari. Alikuwa katika kikosi cha FC Porto kilichotwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka wa 2004 chini ya José Mourinho. Baada ya kustaafu alifundisha Cape Town City, kisha AmaZulu, ambayo ilimaliza ya pili katika ligi ya Afrika Kusini msimu wa 2020–21. Baadaye alikuwa mmoja wa wakufunzi wa Manchester United.

Kwa sifa hizo, watu walitaka miujiza kabla hajafungua sanduku la nguo. Machi 20, katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, Kenya ilitoka nyuma ikatoka sare ya 3–3 na Gambia. Tukashangilia. Siku tatu baadaye, hapa Nairobi katika uwanja wa Nyayo, Gabon wakatulaza 2–1. Tukalalamika. Kwenye matatu niliyopanda Jumatatu ile, makanga alikuwa ameshamfuta kazi kabla hatujafika Juja.

Lakini mtihani mkubwa ulikuwa Agosti: mashindano ya CHAN, yaliyoandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda. Kenya haikuwa imewahi kucheza mashindano hayo. Tulikuwa tuyaandae mwaka wa 2018, tukanyang'anywa kwa kutokuwa tayari, yakapelekwa Morocco. Sheria ya CHAN ni ya pekee: hawaruhusiwi kucheza ila wachezaji wanaocheza katika ligi za nchini mwao. Maana yake McCarthy hangeweza kuwaita akina Michael Olunga waliokuwa ng'ambo. Ilibidi afanye kazi na vijana wa ligi yetu wenyewe. Niliposikia sheria hiyo nilimkumbuka mwalimu wetu na karatasi yake. Kocha hucheza na waliopo.

Na kundi letu lilikuwa la moto: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mabingwa wa 2009 na 2016, Morocco, mabingwa wa 2018 na 2020, Angola, na Zambia. Wengi tulisema, "Tumekwisha."

4. KASARANI

Haya ndiyo matokeo yetu, kama nilivyoyaandika katika lile daftari:

Agosti 3: Kenya 1, Kongo 0 (Austin Odhiambo)
Agosti 7: Kenya 1, Angola 1 (Austin Odhiambo, penalti)
Agosti 10: Kenya 1, Morocco 0 (Ryan Ogam)
Agosti 17: Kenya 1, Zambia 0 (Ryan Ogam)

Jumla ni alama 10, kileleni mwa kundi, mbele ya Morocco. Mechi nne, mabao manne, na bao moja tu tulilofungwa. Ukitazama haraka utasema ni timu isiyojua kufunga. Lakini tazama kile ambacho jedwali halisemi. Dhidi ya Angola, Marvin Nabwire alionyeshwa kadi nyekundu dakika ya 21. Dhidi ya Morocco, Chrispine Erambo akaonyeshwa yake mwishoni mwa kipindi cha kwanza. Kwa hiyo katika mechi mbili mfululizo Kenya ilicheza ikiwa na watu kumi, na katika muda huo wote wa upungufu haikufungwa hata bao moja.

Ile ya Morocco niliiona kwa macho yangu. Ilikuwa Jumapili alasiri. Kaka yangu alinunua tiketi mbili kwa simu yake, tukapanda matatu Ruiru, tukapita Kahawa na Githurai tukiwa tumebanwa kama dagaa, mpaka Kasarani. Bao la Ogam lilipoingia dakika ya 42 nilikumbatiwa na mzee nisiyemjua. Hatujakaa vizuri, kadi hiyo! Uwanja mzima ulinyamaza, halafu ukaguna. Watu walikuwa wakimtazama refa. Mimi nilimtazama yule kijana akitoka. Najua ile safari. Ni fupi kwa macho, lakini miguu huwa mizito kama imefungwa mawe, na hujui uangalie wapi.

Kipindi cha pili kilipoanza nilitoa daftari. Kaka akaniambia, "Wewe vipi? Watu wanashangilia, wewe unaandika?" Nilitaka kuona kama watajipanga. Wakajipanga! Walirudi nyuma, wakasogeleana, mistari miwili mbele ya kipa Byrne Omondi. Wamorocco walikuja kulia, wakaja kushoto, wakapiga krosi. Kila mpira ulikuta mtu. Kapteni Abud Omar alikuwa akinyoosha mkono tu, huku na kule, kama askari wa trafiki. Dakika arobaini na tano zilikuwa ndefu kuliko muhula. Kipenga cha mwisho kilipolia, mzee yule yule alinikumbatia tena, safari hii akilia.

Wako wanaosema siri ilikuwa pesa, kwani Rais alikuwa ameahidi shilingi milioni moja kwa kila mchezaji kwa kila ushindi. Sikatai, pesa huongeza mbio. Lakini pesa haikuambii usimame wapi mwenzako akitolewa. Hilo hufundishwa siku ambayo hakuna shabiki wala kamera.

5. BAADA YA SHANGWE

Somo lingekuwa tamu kama ningekomea hapo, lakini lingekuwa la uongo. Agosti 22, katika robo fainali, Kenya ilitangulia kwa bao la Alphonce Omija. Madagascar wakasawazisha kwa penalti, na baada ya muda wa nyongeza wakatubandua kwa mikwaju 4–3. Wao walifika fainali, iliyochezwa hapo hapo Kasarani Agosti 30, wakafungwa 3–2 na Morocco, wale wale tuliowashinda sisi.

Septemba 5, bado rangi za bendera hazijafutika mashavuni mwetu, Gambia walikuja Kasarani wakatufunga 3–1. Siku nne baadaye tukawafunga Ushelisheli 5–0. Oktoba tukaifunga Burundi 1–0, kisha Ivory Coast wakatufunga 3–0. Safari ya Kombe la Dunia ikaisha tukiwa nafasi ya nne katika kundi, na alama 12. Novemba, katika mechi ya kirafiki nchini Uturuki, Senegal wakatutwanga mabao 8 kwa nunge. Manane! Makanga yule yule aliyekuwa amemwita McCarthy mkombozi mwezi wa Agosti akamfuta kazi mara ya pili.

Hii si mara ya kwanza. Katika raga ya wachezaji saba, Benjamin Ayimba alirudishwa kuwa kocha wa Kenya mwaka wa 2015. Aprili 17, 2016, timu yake iliifunga Fiji 30–7 katika fainali ya Singapore, na kwa mara ya kwanza Kenya ikatwaa duru ya mashindano ya dunia. Agosti mwaka huo huo, katika Olimpiki ya Rio, ilimaliza ya kumi na moja, na muda mfupi baadaye timu ikawa na kocha mwingine. Ayimba aliaga dunia Mei 2021, na siku hiyo kila mtu alikumbuka Singapore. Sisi mashabiki tuna kumbukumbu ya ajabu. Huwa fupi mtu akiwa kazini, kisha ikawa ndefu akishaondoka.

Basi ni nini maana ya haya yote? Nionavyo mimi, kocha mpya hapimwi kwa bao la kwanza wala kwa kipigo cha kwanza. Ukimpima kwa matokeo ya wiki moja, utampenda Jumapili na kumchukia Jumatano. Mpime kwa jambo hili: siku mambo yalipoharibika, mtu alipotolewa, mvua iliponyesha, wachezaji walijua la kufanya? Dhidi ya Morocco walijua. Dhidi ya Senegal hawakujua. Yote mawili yaandikwe katika daftari moja, la sivyo hatujifunzi kitu.

6. MSAMIATI

Kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, ni aibu kuandika juu ya mpira bila kuwakumbuka watangazaji waliotufundisha kuutaja. Leonard Mambo Mbotela, aliyetangaza mpira redioni kwa miaka mingi na ambaye kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" kilijulikana na wazazi wetu na babu zetu, aliaga dunia Februari 7, 2025. Haya hapa ni maneno machache ya uwanjani. Yatumie katika insha, lakini yaweke mahali pake.

Mlinda lango: kipa, golikipa.
Kiungo: mchezaji wa katikati anayeunganisha ulinzi na mashambulizi.
Winga: mchezaji wa pembeni (kama mimi, kabla sijawa karani).
Mwamuzi: refa. Kipenga chake pia huitwa firimbi.
Mshika kibendera: msaidizi wa mwamuzi kwenye mstari wa pembeni.
Kuotea: kuwa mbele ya walinzi kinyume cha sheria wakati wa kupewa pasi.
Kukwatua: kumpiga mtu mguu aanguke. Usijaribu.
Mchezaji wa akiba: anayesubiri kwenye benchi.
Sare tasa: mechi iliyoisha bila bao lolote.
Dakika za lala salama: dakika za mwisho kabisa.
Kubanduliwa: kuondolewa katika mashindano.
Kadi ya manjano na nyekundu: zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico. Mwamuzi Mwingereza Ken Aston alilipata wazo hilo kutoka kwa taa za barabarani: manjano tahadhari, nyekundu simama.

TAMATI

Kabla sijaweka kalamu chini, nirudi kwa swali la mama. Siku tuliporudi kutoka Kasarani nilimkuta amekaa pale pale, na sukuma wiki zake. Nikamwambia, "Mama, lile swali lako nimelijibu. Wale wengine walibeba mzigo wangu." Akasema, "Sasa na wewe jifunze kubeba wa mtu." Hakusema zaidi, na mimi sikuongeza.

Wahenga walinena kwamba umoja ni nguvu. Sisi huiandika methali hiyo katika kila insha mpaka imechujuka. Lakini nimejifunza kwamba umoja si kushikana mikono na kuimba. Umoja ni kujua mahali pako, na kujua mahali pa jirani yako, ili siku mmoja akianguka pengo lake lisiwe mlango wa adui. Kazi ya kocha ni kufundisha hilo. Kazi yetu ni kuwepo siku anapofundisha. Nawatakia wachezaji wetu msimu mwema, nami nitakuwepo, na viatu vyangu na daftari langu.

MASWALI

1. Kwa nini mwalimu aliwauliza wachezaji wanakaa wapi kabla ya kuwafundisha mpira?
2. Uwanja una mita 100 kwa mita 60. Timu imebaki na wachezaji kumi pamoja na kipa. Kila mchezaji asiye kipa ataongezewa mita ngapi za mraba?
3. Eleza tofauti kati ya sare ya 1–1 na sare tasa.
4. "Kocha hucheza na waliopo." Toa mfano mmoja wa ukweli huu kutoka CHAN na mwingine kutoka nyumbani au darasani kwenu.
5. Andika insha ya ukurasa mmoja: Siku niliyowabebesha wengine mzigo wangu.